Fondo Mangi wa Tiwi, Mfunga Mifuko ya Nailoni

Mchungaji wetu, mzee wa mtaa, wakwe zetu mliotoka Mnyenzeni alfajiri, na nyinyi majirani wa Tiwi na Waa, waungwana wa Kiislamu mliosimama juani pamoja nasi kumsitiri mtu wa dini nyingine, nawasalimu nyote kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha. Mimi ni Chome Mangi, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, mfanyakazi wa reli pale Voi, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu kwa sababu, hivyo ndivyo walivyoniambia, nina sauti kubwa na silii hovyo. La sauti ni kweli. Hilo la pili tutaona.

Marehemu Fondo Mangi alizaliwa tarehe 4 Juni 1909 katika kijiji cha Mnyenzeni, huko bara ya Kwale, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mangi Charo na marehemu Kadzo, na tarehe hiyo tuna hakika nayo kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kubatizwa na alipenda kuandika kila kitu, jambo lililowachekesha ndugu zake ambao walihesabu umri wa watoto kwa misimu ya mvua. Alikuwa mtoto mkimya, alichunga mbuzi wa baba kuanzia alipoweza kushika fimbo, na mama alikuwa akitusimulia kwamba jioni alipoulizwa habari za machungani alizitoa za mbuzi mmoja mmoja, nani aliumia mguu na nani hakunywa maji, lakini za kwake mwenyewe hakuzitoa.

Mwezi wa Januari 1919 alipelekwa Rabai kusoma katika shule ya misheni, akikaa kwa shangazi yetu, na huko alijifunza kusoma, kuandika, hesabu na kazi za mikono, akabatizwa siku ya Pasaka ya mwaka 1921. Aliacha masomo mwezi wa Desemba 1923 baba alipofariki, akarudi Mnyenzeni kumsaidia mama kutulea sisi wadogo, na mimi niliyekuwa wa mwisho kabisa nilikua nikidhani kwamba yeye ndiye baba, mpaka siku moja nilipomwita hivyo mbele ya watu, akanichukua pembeni akanieleza taratibu, kisha akanipa muwa.

Mwezi wa Februari 1926 marehemu alishuka Mombasa, akaajiriwa katika ghala la nafaka, kazi yake ikiwa ni kushona midomo ya magunia yaliyokwisha kujazwa, kazi ambayo wengi waliifanya ili siku ipite tu, lakini yeye aliipenda, na mishono yake ilinyooka kiasi kwamba makuli walilitambua gunia lake hata likiwa limebanwa katikati ya mengine. Tarehe 15 Septemba 1934 alifunga ndoa huko Mnyenzeni na Kanze, binti wa mzee Dzombo, na waliopata kuwaona wawili hao watakumbuka kwamba Kanze alizungumza kwa niaba ya wote wawili, yeye akisema na mumewe akitikisa kichwa kukubali, na hakuna siku tuliyosikia kwamba kutikisa huko kulikuwa kwa namna nyingine.

Mwezi wa Mei 1937, kwa kuwa alichoka kuishi mbali na mkewe, aliacha kazi ya ghala, akaja hapa Tiwi kwa mzungu aliyekuwa na shamba la mikorosho na miti ya matunda, akawekwa katika banda la kufungashia, akamleta Kanze, na wakajenga nyumba hii mnayoiona mbele yenu. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Mangi ambaye alifariki angali mchanga, wa pili Charo ambaye alichukuliwa na surua mwaka 1940 akiwa na miaka minne, na wa tatu ni Rispah, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1938, ambaye aliolewa Nakuru mwaka 1956 na kijana wetu wa reli, akafiwa na mumewe mwezi wa Juni mwaka jana, na tangu hapo alikuwa kwa wakwe zake akingojea mwaka utimie kama desturi yao inavyotaka.

Hapa sina budi kueleza jambo moja kwa ajili ya ndugu zetu wa bara, kwa sababu maisha ya kaka yangu hayaeleweki bila hilo. Wiki ile ile waliyohamia, mama Mwanarusi, ambaye namwona ameketi pale chini ya turubai, aliwatumia wageni hawa sahani ya wali wa nazi na samaki, na Kanze, ambaye kwao kulikuwa kukavu na vyombo ni vichache, aliiosha sahani ile mpaka ikang'aa, akairudisha mbio mbio siku hiyo hiyo, ikiwa tupu, akidhani hiyo ndiyo heshima. Mwanarusi aliipokea, akacheka mpaka akashika mlango, kisha akamfuata nyumbani akamwambia, "Mwanangu, huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata uwe huna kitu tia chumvi, tia ndimu, tia chochote, lakini isirudi tupu." Kuanzia siku hiyo Kanze aliielewa Tiwi. Sahani ilikwenda na kunde ikarudi na mahamri, ikaenda na mahindi ikarudi na mbaazi, ikipelekwa leo inarudi kesho kutwa, na kila aliyeileta hakuiweka mlangoni akaondoka, aliingia, akaketi, akauliza habari za mtoto na za mgongo na za mvua, na mwezi wa Ramadhani ndio usiseme, watu hawa wawili ambao hawakufunga walikula futari ya mtaa mzima.

Tarehe 12 Machi 1954, siku ya Ijumaa, Kanze alifariki hapa nyumbani baada ya kuugua tumbo kwa muda mfupi, akazikwa hapo palipo na mti wa mkilifi, na leo tumemlaza mumewe kando yake kama alivyotuagiza. Majirani hawakumwacha mjane huyu wa kiume. Sahani ziliendelea kuja, huenda zilizidi, kwa sababu akina mama walijua hakuna anayewasha moto nyumba hii, na hapo ndipo ilipoanza taabu ya kaka yangu, kwa maana sahani ikishaliwa ni lazima irudi, na irudi na kitu, na yeye hakujua kupika chochote zaidi ya uji. Alitia korosho alizopewa bandani, alitia ndimu, alitia mkaa siku moja, na siku nyingine hakuwa na kitu kabisa isipokuwa pilipili mbichi kiganja kimoja, akazitia hizo, akazipeleka nyumba fulani, na alipokuwa akiondoka akasikia ndani wanacheka. Hawakucheka kwa ubaya, mimi nawafahamu watu wa nyumba ile, lakini mtu aliyefiwa akisikia kicheko nyuma yake hasikii kitu kingine. Aliniambia mwenyewe kwamba kuanzia jioni hiyo kila alipoona sahani inakuja alianza kuhesabu ataitia nini.

Sasa nije kwenye kazi yake, ambayo wengi wenu mnamjulia kwayo. Alipoanza bandani mwaka 1937 korosho zilizokaangwa zilifungwa kwa karatasi, na hewa yetu ya pwani mnaijua, zikilala siku chache zinalegea mdomoni na kuchacha, wenye hoteli za Diani wakazirudisha wakisema wanatafuna mpira. Baada ya vita ilikuja karatasi iliyopakwa nta, ikasaidia kidogo, na mwaka 1951 ikaja ile karatasi ya kioo, inayoonyesha kilicho ndani na kulia kila ukiigusa, nzuri sana kwa macho, ila ukiichana ukingoni kiasi cha kucha inapasuka yote na korosho zinamwagika. Kisha mwezi wa Machi 1956 mzungu alileta kutoka Mombasa robota la kitu kipya, laini, chepesi, kisicholia wala kupasuka, kilichofumwa bila uzi kama gunia lisilo na chini wala juu, nacho hakishonwi wala kugundishwa kwa gundi, hufungwa kwa moto. Huko kilikotoka kina jina lake refu, lakini hapa bandani kiliitwa nailoni siku hiyo hiyo, na nailoni kitabaki.

Ilibidi apatikane mtu mwenye mkono uliotulia, kwa sababu pasi ya makaa ikikaa sana nailoni inayeyuka, ikikaa kidogo haishiki, na inahitaji kipande cha karatasi katikati ili isigande, wakamchagua mshona magunia. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuharibu, na nalisema kwa kuwa yeye mwenyewe alipenda kulisimulia. Yeye na mwenzake Alfani, aliye hapa, walizitoa korosho motoni wakazitia katika nailoni zingali na joto, wakaamini kwamba wakiwahi kuzifunga wataufungia ndani ule ukavu wa moto, na walichofungia ni mvuke, ukageuka maji, na baada ya wiki mifuko ilipofunguliwa kule hotelini korosho zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Mzungu aligomba kuanzia asubuhi mpaka saa ya kutoka. Wakajifunza kungoja zipoe, na baadaye walipoanza kufunga ndimu na nyanya wakajifunza kwamba vitu vibichi vinahema, ukivifunga kabisa vinatoka jasho na kuoza, wakawa wanatoboa matundu kwa msumari kabla ya kupiga pasi. Alfani ameniambia kwamba hakuna mfuko uliopita mkononi mwa Fondo ukiwa na mshono wa kombo, na kwamba ulipotokea wa kombo kaka yangu hakula chakula cha mchana.

Alikipenda kitu hiki mno. Mimi, niseme wazi, sikukipenda tangu nilipokiona, kina harufu ya dawa na kinabaki mkononi kama ngozi ya mtu, lakini yeye aliruhusiwa kuchukua mifuko iliyokosewa, akaja nayo hapa, akafunga chumvi, akafunga viberiti, akafunga cheti chake cha ubatizo, na mwezi wa Mei 1956, Rispah alipokwisha kuolewa na nyumba ikabaki na mtu mmoja, aliitoa leso ya Kanze sandukuni, ile aliyokuwa akijifunga siku za mwisho, akaitia katika nailoni akaipiga pasi pande zote nne, ili harufu yake isitoke. Alimwambia Rispah hivyo bila aibu. Mwaka uliofuata, siku ya ukumbusho wa kifo cha mkewe, aliukata mfuko ule kwa kisu akainusa leso, na harufu iliyokuwamo ilikuwa ya nailoni tu.

Basi ilipokaribia Ramadhani ya mwaka 1957, mwishoni mwa mwezi wa Machi, marehemu alifanya jambo ambalo alilifikiri kwa muda mrefu na ambalo kila mmoja wenu alilipokea kwa shukrani. Alizunguka nyumba zote za jirani na furushi la mifuko mipya safi aliyoiomba bandani, akaigawa, akasema, "Mama, msihangaike tena na sahani kwa ajili yangu, mkijaliwa kunikumbuka tieni humu, mtundike mlangoni, na vyombo vyenu vibaki kwenu." Aliiona ni adabu. Aliona amewapunguzia taabu ya kufuata vyombo kwa mzee asiye na mke, na amejipunguzia yeye aibu ya kurudisha pilipili, na kweli majirani walifurahi, Mwanarusi akamwambia, "Fondo wewe ni mtu wa maendeleo," na mifuko ile ikapendwa, ikaoshwa na kuanikwa kwenye kamba na kutumika tena, mpaka nyumba kwa nyumba wakaanza kupelekeana vitu kwa nailoni.

Akapiga msumari kwenye mlango. Futari ilikuja mwezi ule wote, akirudi kutoka bandani anaukuta mfuko unaning'inia, una kaimati, au una muhogo wa nazi, umefungwa vizuri, hakuna chungu aliyeingia, na aliyeuleta amekwisha kuondoka. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kungoja. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kurudi kesho kutwa. Hapo zamani chakula kimoja kilileta watu mara mbili, mara ya kuleta na mara ya kufuata sahani, au yeye mwenyewe alitoka kuirudisha, na sasa kilileta mfuko.

Mwezi wa Agosti 1958 nilipata likizo nikaja kukaa naye hapa. Nilimkuta amekonda, nyumba imefagiwa, vitu vyote vimo katika mifuko yake, na jioni ya kwanza tulipokuwa tukila nilimwona anaacha kutafuna kila mtu anapopita njiani, anasikiliza nyayo, nyayo zikipita anaendelea kutafuna. Nilidhani anaogopa wezi. Nilipomuuliza akaniambia, "Chome, mimi ndiye niliyewafundisha kutokuja." Nikamwambia, kaka, si uende wewe kwao, mlango wa jirani si wa mfalme, akasema mwanamume asiye na mke akionekana uwanjani kwa watu karibu na saa ya kula huonekana amefuata chungu, na akienda saa nyingine atasema amefuata nini. Nikamwambia basi waambie warudie sahani. Akasema hawezi kuomba sahani ya watu aliyoikataa kwa mdomo wake. Mimi nilikasirika, nikamwambia ana kiburi cha mbuzi, na yeye akacheka, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Yaliyofuata nayasimulia kama nilivyoelezwa na Rispah, ambaye aliambiwa na baba yake kitandani, na kama alivyonieleza jirani yake Mbeyu. Mwezi wa Desemba, wiki ya Krismasi, marehemu alikwenda dukani Ukunda akanunua sahani za bati, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu, akanunua nazi, akachemsha mihogo, akaiunga kwa tui kama alivyokuwa akimwona Kanze akifanya, ikaungua kidogo, akaipakua, na siku ya pili ya Krismasi akazipeleka sahani hizo mwenyewe nyumba kwa nyumba, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, hakuna nailoni popote. Alipiga hodi, akampa mtu sahani, akasema, "Ni sikukuu yetu," na akaondoka haraka kabla hajaulizwa. Kisha akarudi nyumbani, akaung'oa ule msumari mlangoni, akafagia uwanja, akatandika mkeka, akaweka kahawa tayari.

Majirani zetu, mimi siwalaumu. Nimekaa na nyinyi siku hizi mbili, nimesikia kila mmoja akieleza, na maelezo ni yale yale. Mliipokea sahani mkajua ni ya mjane aliyejipikia, mliiona ile mihogo iliyoungua mkalia, na kila nyumba ikasema sahani hii haiwezi kurudi na kitu cha hivi hivi, hii si ya kutiwa ndimu. Mwanarusi alisema angoje mpunga wake ukobolewe. Alfani alisema angoje apate kuku. Matano, ambaye ni mvuvi, alisema angoje nguru mzuri, si dagaa, na ulikuwa mwezi wa Januari, bahari imechafuka na mashamba yamekauka, hakuna aliye na kitu cha maana, na kumrudishia tupu haiwezekani, na kumpelekea kidogo ni kumdharau. Kwa hiyo sahani zilioshwa zikawekwa juu ya makabati, safi, zikingoja kitu cha kumstahili Fondo. Naye alikuwa hapa amekaa juu ya mkeka.

Mwishoni mwa Januari alianza kukohoa, akashikwa na homa, akaacha kwenda bandani, na bandani walidhani amekwenda kwao Mnyenzeni. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 2 Februari 1959, Mbeyu, ambaye ana watoto wengi na hana muda wa kungoja kuku wa mtu, alitia chumvi ya mawe na maembe mawili mabichi katika sahani yake, akaja, akapiga hodi, akasikia mtu anajibu "Karibu" kwa sauti ndogo sana kutoka ndani, akaingia. Ameniambia kwamba marehemu alikuwa amelala chini karibu na mlango, mwili unawaka, hajala, na jambo la kwanza alilofanya si kuomba maji, aliipokea sahani kwa mikono miwili, akaitazama, akasema, "Keti, mama, keti kwanza, habari za watoto?" Mbeyu akaketi. Akamjibu habari za watoto wote, mmoja mmoja, huku akimpangusa uso kwa maji, ndipo akatoka kumwita Matano na Alfani.

Walimbeba mpaka barabarani, wakasimamisha lori la nazi, wakampeleka hospitali ya Msambweni ambako daktari alisema ni kichomi kilichokwisha kuingia mapafu yote mawili. Rispah alikuja kutoka Nakuru tarehe 6, nami nikafika tarehe 8. Majirani walikwenda kumtazama, walikwenda kwa zamu, na alifurahi kila alipoiona sura, akiwa anashindwa kusema anashika mkono wa mtu na kuuacha pole pole. Mliompelekea machungwa mlimpelekea katika nailoni, nami nilimwona akiugusa mshono wa mfuko kwa kidole gumba kuuangalia kama umenyooka, maana ulikuwa wake. Hakutuuliza habari za shamba wala za nyumba, alimuuliza Rispah jambo moja, na alimuuliza zaidi ya mara moja, kwamba je, wamekuja na sahani? Rispah akamwambia, "Wamekuja, baba." Alikuwa amekuja mmoja. Rispah ameniomba niliseme hili hapa mbele ya watu kwa kuwa hataki kulibeba peke yake, na mimi nasema alifanya vyema, na ningemwambia hivyo hivyo.

Marehemu aliaga dunia siku ya Jumanne tarehe 17 Februari 1959, saa kumi za alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, bintiye amemshika mkono mmoja na mimi nimemshika mwingine. Ameacha binti mmoja, ndugu wawili, na nyumba ambayo kila kitu kimehifadhika ndani yake.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa Msambweni waliomhudumia mchana na usiku bila kunung'unika, inamshukuru dereva wa lori ambaye hatukupata jina lake, inawashukuru wenzake wa bandani walioacha pasi zao leo, inamshukuru mchungaji, inawashukuru akina Matano na Alfani waliochimba kaburi kwenye jiwe hili la matumbawe, na inamshukuru Mbeyu, ambaye sitasema mengi juu yake kwa sababu, mnaona, sauti imeanza kunisaliti.

Na inawashukuru nyote kwa mlichofanya asubuhi ya leo. Kabla jeneza halijatoka hospitali, mlianza kuja hapa, mmoja mmoja, nanyi mmezileta sahani. Ziko ndani, juu ya mkeka, nyeupe zenye ukingo wa buluu, moja ina wali, moja ina kuku mzima, moja ina nguru wa kupaka, na hakuna hata moja tupu. Nimesimama nikazitazama mpaka nikatolewa nje. Zimekuja siku ambayo hayupo wa kuwaambia mketi, nasi tumewaambia mketi kwa niaba yake, na najua mlivyoumia kuziweka pale chini, kwa hiyo siongezi neno.

Isipokuwa hili, na ndilo la mwisho. Kwa hesabu ya Rispah kuna sahani moja ambayo haijarudi. Hatujui iko nyumba gani, wala hatutauliza. Wakwe zake wamemruhusu, na Rispah ameamua kukaa hapa katika nyumba ya wazazi wake, naye ana miaka ishirini, hana mume, hana mtoto, hana ndugu wa tumbo moja. Sisi wa bara tutaondoka kesho, turubai litafungwa, na mimi likizo yangu inakwisha Jumapili. Wewe uliye na sahani ile, nakuomba mbele ya kaburi hili, usiilete leo. Usiilete kesho. Ngoja sote tuwe tumeondoka, ngoja uwanja uwe kimya, kisha uilete, uipeleke kwa Rispah mkononi, tia chochote, halafu uketi.

Fondo mwana wa Mangi, kaka yangu, baba yangu, pumzika sasa kwa amani kando ya Kanze.